Eliane Kavugho na Mawimbi Yenye Baliiba

Batu ba Kimemi, commune moja ya Butembo, balimucheka Eliane Kavugho miaka mine. Alikuwa assistant ku université moja ya Butembo, na alikuwa anafanya doctorat juu ya mawimbi makubwa ya bahari: namna yanapiga minara ya chuma yenye kubeba mitambo ya upepo, ile yenye inafanya umeme mbali na pwani. Bahari yenyewe hakuiona hata siku moja. Bamama ba soko balimuuliza kama bahari iko ku Masereka, kati ya mashamba ya viazi.

Yeye alijibu kwa ufupi: bourse, feza ya masomo, ilikuwa ya bahari, yeye alitaka maji. Akiwa mutoto ku Vuhovi aliona muto ukibomoa turbine ndogo ya umeme ya kijiji kwa asubuhi moja, na fundi akasema hakuna mutu alihesabu nguvu ya mafuriko. Jibu lile lilimukasirisha, na hasira ile njo ilimupeleka masomoni.

Directeur wa doctorat yake, Profesa Van Ruyt, alikuwa Ulaya, ku labo yenye birika kubwa ya kutengenezea mawimbi. Eliane aliomba visa mara mbili, balikatala mara mbili. Donc alifanya kazi na vipimo vyenye labo ilimutumia.

Mwaka wa tatu aliona kitu. Kila mara wimbi likivunjika usoni pa munara, hesabu yake ilitoa nguvu mara mbili kupita ile ya labo. Akachunguza: vyombo vya labo vilikuwa vinasoma mara mia moja kwa sekunde. Pigo la wimbi linaweza kuja na kuisha kabla chombo hakijasoma tena. Balikuwa banapima wimbi wakati pigo lake limekwisha kupita, na mutu anaweza kujenga munara kwa hesabu kama ile, mpaka siku ya dhoruba.

Aliandika. Profesa akajibu mustari mumoja: bila vipimo vyake mwenyewe, hayo ni mawazo tu.

Eliane akaenda kwa Ézéchias, fundi wa soudure wa kule Kimemi, mwenye kuunganisha vyuma, na karatasi yenye muchoro mukononi.

“Unataka birika ya ng’ombe ao jeneza?” Ézéchias akauliza.

“Nataka bahari, papa Ézéchias. Ya metre tisa.”

Baliitengeneza na mbao na bâche, turubai ya kushika maji. Munara ulikuwa tuyau, bomba ya plastiki. Ku tuyau Eliane alibandika visahani vya shaba vyenye vinapatikana ndani ya sonnerie, kengele ya umeme, na vyenye vinatoa umeme kidogo vikigongwa, akaviunganisha na kitundu cha micro, pa kuingizia sauti ku ordinateur, kwa sababu kitundu kile kinasoma mara elfu makumi ine na ine kwa sekunde. Ili kujua kila mustari wa ku écran ni nguvu ngapi, aliangusha juu ya visahani bille ya roulement ya pikipiki, gololi ya chuma, mara mia mbili. Ézéchias mwenyewe alisukuma ubao wa kufanya mawimbi, jasho likimutoka. Pigo likaonekana: sehemu tatu za elfu za sekunde, likipanda juu, kali kama sindano. Ku kipimo cha sita Ézéchias aliangusha nyundo, ikaacha kijino kidogo ku muchoro, mbele ya wimbi. Eliane hakukifuta. Alituma vyote kwa Profesa.

Miezi ine ikapita. Kisha article ikatoka mu gazeti ya sayansi, na majina mawili: Van Ruyt, na mwanafunzi wake mwingine wa kule. Mwisho wake balishukuru “mushirika wetu wa Congo”. Picha ya ine ilikuwa kipimo cha sita, pamoja na kijino chake.

Eliane alisoma akisimama. Akaondoka bila kufunga mulango. Alifika ku atelier na kuweka ordinateur juu ya meza ya Ézéchias.

“Ile ni nyundo yangu!” Ézéchias akasema, kidole ku kijino.

“Njo yenyewe.”

“Sasa nyundo yangu ilifika Ulaya bila visa?”

Ézéchias alicheka. Eliane hapana. Chef wake wa département, Muyisa, alimwita ku bureau na kufunga dirisha kwanza.

“Nyamaza, Eliane. Bakifunga mulango, utapata wapi directeur mwingine?”

“Chef, balisha kuufunga. Niko inje.”

Akaandika kwa bakubwa ba université ya Profesa, barua tatu, kila moja kali kupita ya mbele. Bakapanga kumusikiliza kwa video. Juma lile réseau ya internet ya Butembo ilikuwa imekatika, basi akapanda njia ya Beni, kwa Hadidja, rafiki yake wa masomo. Jamaa ya Hadidja banasafirisha mizigo, na dépôt yao ina antenne ya satellite. Hadidja alibafukuza bachauffeur bote mu chumba na kumuwekea kiti.

Ku écran Profesa alisema kwa upole kwamba kazi ya birika ya mbao haiwezi kuitwa sayansi. Ilikuwa msaada mudogo wa mwanafunzi.

“Kama si sayansi, Profesa, muliikamata juu ya nini?” Sauti yake ilipanda, hakuishusha. “Ku article mulisema picha ya ine ilitoka ku labo yenu. Musikie.”

Kwa kuwa kipimo kilipita kwa micro, kilikuwa pia sauti. Akakifungua. Ndani ya chumba cha kikao kule Ulaya nyundo ikalia ku sakafu ya Kimemi, halafu wimbi likapiga, pa! Mwenye kuongoza kikao akamuuliza Profesa labo yake ina nyundo gani.

Kisha ya miezi saba, article ilirekebishwa na jina la Kavugho likawekwa la kwanza. Note ya kurekebisha ilisema ilikuwa “kusahau” tu. Hakuna mutu alimuomba pardon. Alipata directrice mwingine, akarudilia mwaka mzima, na mwaka huu akasoutenir, akatetea thèse yake kwa video, kutoka kiti kile kile cha Hadidja.

Muyisa alileta maua. “Docteur, sasa ushukuru. Balikutendea haki.”

“Kushukuru nini, chef? Balinirudishia kazi yangu, tena balisha kuivaa kama nguo yao.”

Maua aliyapokea. Akamuomba Muyisa asaini barua ya kuomba hangar, banda kubwa ya université, kwa birika ya metre makumi mbili, na akasimama pale mbele ya meza mpaka Muyisa akatafuta bic ya kusaini nayo.