Siku Tatu za Verlene Bila Majirani

Verlene Hoekstra analima mahindi na mumewe huku kwetu Iowa. Kwa miezi minane alipanga likizo ya Chicago, apate siku tatu tu za kutotuona sisi majirani. Lakini mdomo nao! Kila Jumapili, tukinywa kahawa baada ya ibada, alitusomea karatasi ya mpango wake saa kwa saa, ili tumwonee wivu.

Huku wote tunapumzika wiki ile ile moja, mbegu zikishaingia ardhini. Wiki hiyo Verlene akapanda lifti ya mnara mrefu wa Chicago. Juu, mlango ukafunguka: kanisa zima tumejaa pale, na kofia zetu tulizopewa bure na duka la mbegu.

"Umechelewa dakika tano, shoga," akasema jirani yake Doreen. "Haya, tunakwenda wapi sasa? Karatasi unayo wewe."