Shuka za Mama Geneviève

Yule kijana mrefu wa kwetu, anayelipwa sasa kucheza basketi Luanda, huinamisha kichwa kila anapotaka kurusha mpira. Anainama kidogo, kama mtu anayeingia jikoni kwa shangazi yake, ndipo anaruka. Watangazaji wa televisheni wanauita ufundi. Sisi tuliosoma naye Kindu tunajua ni shuka. Wakati wa vita, waliokimbia kutoka Kailo walilala katika madarasa yetu, na Mama Geneviève, mmoja wao, akafunga kamba ya nguo mbele kabisa ya goli la basketi, kwa sababu jua zuri lilikuwa pale. Sisi tulizipiga shuka zake kwa mpira wenye matope. Yule mrefu alipita chini ya shuka, akiushika mpira kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

"Mutoto, ukichafua shuka yangu," mama alimwambia kila siku, "ile mupira nitaikata nifanye sandale."

"Ndiyo, mama," alijibu kwa sauti ndogo isiyolingana na urefu wake, na kuinama.

Juzi tulitazama fainali kwa kinyozi wa mtaa wa Kasuku, mama akiwa kwenye kiti cha kunyolea. Zilibaki sekunde tatu, na timu ya yule kijana ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Akainama. Jitu lililokuwa likimkaba nalo likainama, likatazama juu kutafuta lilichokwepa, na mpira ukaingia. Tukarukaruka. Mama peke yake hakusimama.

"Munaona," alisema, "hata ule mugeni anaheshimu shuka yangu. Ninyi njo mulikuwa munazichafua."