Nyota Iliyotudanganya Mlimani

Mama mdogo wangu haamini saa ya simu. Wanawake wa kijijini kwetu Uluguru hushuka Morogoro mjini na mboga kichwani kabla hakujapambazuka, na anayeamua muda wa kuondoka ni yeye, kwa kutazama nyota ya alfajiri ikichomoza juu ya mlima. Siku hiyo aliona nyota kubwa inang'aa, akatugongea milango wote. Tulikuwa tumeshafika kwenye jiwe la kupumzikia ndipo aliponong'ona kwamba huenda ile siyo yenyewe. Hata jogoo wa kwanza alikuwa hajawika.

Tulimcheka mpaka matenga yakataka kudondoka. Lakini kuingia mjini saa zile ni kuwapelekea vibaka njegere mkononi, kwa hiyo tulitua mizigo, tukakaa, tukazima tochi ili kubana betri.

Ndipo nilipoinua macho. Nimezaliwa kwenye mlima huu na njia hii nimeipita tangu utotoni, ila siku zote macho yangu yalikuwa kwenye visigino vya aliye mbele. Nyota zilikuwa nyingi hadi giza likakosa pa kukaa. Zilianzia migongoni mwa milima, zikatupita juu, zikashuka mpaka upande wa Ngerengere. Chini kule, taa za stendi ya Msamvu mjini tunazozionea fahari zilikuwa kama makaa yaliyosahaulika jikoni. Niliogopa, nasema kweli. Nilijiona mdogo kabisa, na sikuona aibu.

Njiani huwa tunasali rozari, kila mmoja na tendo lake la kuongoza, yaani Baba yetu moja na Salamu Maria kumi. Tendo la mwisho lilikuwa la mama yangu. Tulipomzika nililirithi pamoja na tenga lake, lakini sikuwahi kuliongoza. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu. Zamu ikifika kwangu nilinyamaza, mama mdogo akaongoza badala yangu, na hakuna aliyeniuliza. Nilishaanza kuamini kuwa sala imenitoka moja kwa moja, na hilo liliniuma karibu sawa na msiba wenyewe.

Pale kwenye jiwe wenzangu walianza kusali. Ilipofika zamu yangu, mama mdogo hakupokea. Alisema taratibu, "Leo tuna muda, mwanangu."

Nilianza, "Baba yetu uliye mbinguni," nikashindwa kuendelea. Nilikuwa natazama juu, bila hasira safari hii. Yote yale yalikuwepo juu yetu usiku wa msiba wa mama, na mimi sikuinua kichwa hata mara moja. Wanawake walingoja. Hakuna aliyenimalizia.

Nyota ya alfajiri yenyewe ilipochomoza nyuma yetu, nilikuwa bado sijamaliza Salamu Maria zangu, na hakuna aliyekuwa amenyanyua tenga lake.