Manati Nzito kwa Ndege Wadogo

Niliondoka Meru Ijumaa kwa sababu ya mdomo wangu. Shangazi Muthoni, aliyeolewa Kiritiri, alipiga simu akilia kwamba ndege wanamaliza mawele yake, na hilo ndilo shamba pekee lililoponea ukame. Aliyekuwa akimsaidia kuwafukuza alikuwa ameugua. Mimi, karani wa ofisi niliyeshika manati mara ya mwisho nikiwa darasa la sita, nikamwambia, "Usijali, Shangazi. Mpiga shabaha anakuja."

Kabla ya kupanda gari nilipitia kwa fundi wa pancha anitengenezee manati. Akaniuliza kama nataka mpira wa tyubu ya baiskeli ama ya lori. Kwa ndege wadogo, alisema, ya baiskeli inatosha, hata mkono hauchoki. Nikachagua ya lori, nikaongeza mfuko mzima wa gololi za chuma. Ujinga mtupu!

Saa kumi jioni, Kiritiri. Shangazi aliipima manati yangu mkononi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kirimi, hii ni ya ndege ama ya ndovu?"

Akanipa yake, nyepesi, na kikapu cha vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani. Alinieleza kwamba shambani kwake harushi jiwe wala chuma. Udongo ukigonga kitu unapasuka, basi. Niliitikia, lakini moyoni niliona hayo ni mambo ya watoto, nikamrudishia yake na kubaki na yangu.

Jumamosi, jua likichomoza, tulipanda kwenye ulingo, jukwaa la miti katikati ya mawele. Ndege wakashuka kundi zima. Kila nikimaliza kuvuta ule mpira mzito, wameshapaa. Shangazi alirusha vidonge vitatu mimi nikihangaika na gololi moja. Aibu ikanitia hasira. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikaachilia. Gololi ikapita juu ya ndege, ikagonga mzinga wa nyuki wa jirani ya Shangazi, Mzee Njeru, uliotundikwa kwenye mgunga pembeni mwa shamba. Mfuniko ukaanguka.

Nyuki hawakuuliza ni nani. Tulikimbia, Shangazi amejifunika leso kichwani, mimi mbele yake. Ndiyo, mbele yake, nimemwacha mama wa miaka sitini nyuma! Mpaka jioni hakuna aliyethubutu kurudi, na ndege wakala kwa raha zao. Tulipoenda kutazama, mawele yalikuwa yamebaki kona moja tu.

Mzee Njeru akaja.

"Nani amegusa mzinga wangu?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Ni mimi, Mzee," Shangazi akasema. "Mkono uliteleza."

Mzee alimkodolea macho. Mama huyu amefukuza ndege miaka yote hiyo, leo mkono uteleze? Akaondoka bila kuaga. Nami, mpiga shabaha, nikamwacha aende!

Jumapili asubuhi Shangazi, jicho moja limefura kwa kuumwa na nyuki, alinifungia mawele ya ile kona. Nilipokataa akakasirika.

"Utaenda kwa watoto mikono mitupu? Unataka kunitukana?"

Gari la kurudi Meru lilipofika Karurumo, kifurushi kikiwa mapajani, sikuweza kuvumilia tena. Habari ya manati fundi wa pancha alikuwa ameshanieleza, mimi ndiye sikusikia, na hilo limepita. Lakini Mzee Njeru bado alikuwa akimkasirikia Shangazi yangu kwa kosa langu. Nikamwambia dereva anishushe. Nikavuka barabara na kifurushi changu, nikaanza kupungia magari yanayorudi Embu, njia ya Kiritiri.