Mchezo wa Ng'ombe na Mgeni wa Dindira

Jamani, bado naona haya. Nilikuwa nimeanza kazi kwenye karakana ya ushirika pale Manundu, tukichonga michezo ya mbao, nami nimebuni wangu: ng'ombe wanashindana kufika lamboni kunywa maji. Kwa kuogopa kuibiwa, sikumweleza mtu unavyochezwa.

Fundi mkuu aliposafiri kwenda Handeni, akaanza kuja mzee mmoja wa Dindira. Aligeuza ubao wangu chini juu, akachungulia kila shimo. Nikajua tu, huyu anataka akauchonge kwao.

"Kijana, ng'ombe akifika lamboni inakuwaje?"

"Anarudi mwanzo, mzee," nikamdanganya. Akashukuru sana. Nikacheka moyoni.

Fundi mkuu aliporudi, akatukusanya wote. Kumbe yule mzee ndiye anayevinunulia michezo vijiji vya ujamaa! Kabla ya kuagiza, alitaka yeye na fundi waucheze mchezo wangu mbele yetu. Wakacheza mpaka chai ikapoa. Kila ng'ombe akifika lamboni, mzee anamrudisha mwanzo.

"Mzee wangu, mchezo huu utakwisha lini?" fundi akauliza.

"Hata mimi nashangaa," akajibu, akaninyooshea kidole. "Lakini mwenyewe ndiye huyu. Ndivyo alivyonifundisha."