Sirkka Akataa Sauna

Habari ya kifo cha Marketta Hovila ilimkuta Sirkka Vuorela kazini, mikono imejaa unga wa rai, nafaka ya mikate myeusi. Redio ya kiwanda cha mikate ilisema mwimbaji huyo amefariki alfajiri kwa saratani ya titi, na kwamba ugonjwa aliuficha mwaka mzima huku akipanda jukwaani kila wiki.

"Huyo ndiye mwanamke!" alisema Tarja, mwenzake wa meza moja, akijifuta machozi kwa kiwiko. "Kufa anakufa, kuimba anaimba. Wala hakumsumbua mtu."

"Angemsumbua daktari," Sirkka akasema.

"Eh! Leo umekula nini, shoga?"

Sirkka akarudi kukanda unga. Chini ya aproni, upande wa kushoto, alikuwa na uvimbe mgumu kama punje ya njegere, na alikuwa hajamwambia mtu. Mpaka asubuhi ile alijiona jasiri. Sasa kila aliyeingia kununua mikate alimsifu marehemu kwa kunyamaza, na kila sifa ilimchoma yeye. Akaunguza sinia zima la maandazi. Akatoka nje kuvuta hewa, akarudi, akatoka tena.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi Sirkka na dada yake Helmi huingia sauna, kibanda cha mvuke kando ya ziwa, pamoja, uchi kama walivyozaliwa, tangu utotoni. Wiki mbili zilizopita Sirkka alikwepa: mara mafua, mara kazi. Leo, Sirkka aliporudi nyumbani, Helmi alikwishafika na soseji zake, amewasha moto mwenyewe, moshi unapanda juu ya ziwa.

"Nenda tu, dada. Kichwa kinaniuma."

Helmi akaweka ndoo chini. "Kichwa? Baba aliingia na mguu uliovunjika. Wewe mwenyewe uliingia siku tuliyomzika mumeo."

"Nimechoka."

"Aliyechoka ndiye anayeingia. Jumamosi ya tatu hii, Sirkka. Nimekaa nikijiuliza nimekukosea nini. Sipati usingizi."

Sirkka akachukua shoka, akaanza kupasua kuni.

"Weka hilo shoka."

"Kuni hazitoshi."

"Zinatosha mpaka tufe."

"Usiseme hivyo!" Sauti ilimtoka kali mpaka kunguru wakaruka.

Helmi akamtazama. Naye alikuwa amesikiliza redio tangu asubuhi. Akasema taratibu, "Vua koti."

"Hapa nje?"

"Nimekuogesha kabla hujaota meno. Leo unanionea haya gani?"

Sirkka hakuvua. Aliushika mkono wa dada yake, akaupitisha chini ya sweta. Vidole vikatafuta, vikasimama. Helmi hakulia, wala hakusema pole.

"Tangu lini?"

"Ziwa lilikuwa bado barafu."

"Mjinga wewe. Mjinga mkubwa!" Akavuta pumzi. "Jumatatu nakuja na gari, twende kwa daktari. Ukijifungia, navunja mlango."

"Na kazi je?"

"Mikate itajioka."

Sirkka akacheka kidogo, kicheko kikakatika katikati. Akavua viatu, akatangulia kuingia, akavua nguo zote, akapanda benchi la juu. Helmi akayamwagia maji mawe ya moto, mvuke ukawafunika wote wawili. Mikono ya Sirkka iliendelea kutafuta pa kushika. Kati ya leo na hiyo Jumatatu kulikuwa na Jumapili nzima, na hakujua ataiweka wapi.