Duka la Ana si Duka Laana

Nina hasira kweli!

Mama yangu, Ana, anashona nguo hapa Makandana, Tukuyu. Duka lake linaitwa Duka la Ana.

Nilimwambia fundi wa tovuti asajili jina la "anatukuyu". Yeye akajiamulia, akasajili "dukalaana". Na bango la duka akalichapisha hivyohivyo!

Leo tumelitundika. Mteja wa kwanza akasoma kwa sauti: "Duka laana? Mama, nani kakulaani?"

Watu wakacheka. Mama, mzee wa kanisa jamani, akaingia ndani.

Nikampigia fundi. Eti, "Dada, watu watazoea."

Wazoee laana?!

Bango nimeling'oa mwenyewe. Jina jipya, hata hilo la "anatukuyu", halisajiliwi mpaka mama alisome kwa sauti, akubali.

Wenye majina mazuri, yaleteni hapa.